Vibati Nilivyovitoa kwenye Swichi ya Rama Kuku

Juzi asubuhi simu yangu iliita nikiwa uani nachambua choroko, maana tangu nistaafu mke wangu ameniajiri upya. Aliyepiga ni jirani yangu mmoja, mwalimu wa hapa Singida mjini. "Shikamoo mzee. Gari imegoma. Usukani umefunga, funguo haizunguki hata kidogo, na nimeona kwenye simu jamaa anaigonga na nyundo. Na mimi nigonge?" Nikamwambia marahaba, na hiyo nyundo aiweke chini kabla hatujaendelea na mazungumzo.

"Shika usukani," nikamwambia. "Uvute kushoto mpaka ugome, halafu kulia. Kuna upande utaona unakubali kidogo. Ushikilie upande huohuo, kisha zungusha ufunguo polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto." Nikasikia pumzi zake, halafu injini ikanguruma. Mwalimu akaanza kuniita mchawi. Nikarudi kwenye choroko zangu nikijisikia vizuri kupita kiasi.

Sikufanya uchawi wowote. Kwenye usukani, pembeni ya pale mnapoingiza ufunguo, kuna kijino cha chuma kinachosukumwa na springi. Ukiurudisha ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa, kijino kinachomoza na kuingia kwenye pengo la shafti ya usukani, na hapo usukani haugeuki tena. Hiyo ndiyo loki, na kazi yake ni kumzuia mwizi. Ukiliegesha gari huku tairi imekunjwa au imeegemea jiwe, shafti inakibana kile kijino, na ufunguo hauwezi kukirudisha. Ukiuvuta usukani unakiachia, basi. Watu wengi wamevunja funguo zao ndani ya swichi kwa kutolijua hilo tu.

Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza nimelala chali chini ya dashibodi za watu. Sasa nawaandikia ninyi vijana mnaoshika bisibisi, na ninyi wenye magari mnaopenda kujitengenezea wenyewe nyumbani. Mengi niliyo nayo ni ya kuchekesha. Lakini lipo moja ambalo kwalo nilikaribia kumuua binti yangu na mjukuu wangu kwa mikono yangu hii, huku najiona fundi hodari kuliko wote mjini. Hilo nalo nitalisema.

Nianze na mafuta ya alizeti. Sisi watu wa Singida tunayaamini mafuta yetu. Tunapikia, tunajipaka, bawaba ya mlango ikilia tunaitia, cherehani ikikaza tunaitia. Basi na mimi nilipoanza ufundi, swichi ya gari ikiwa ngumu nilikuwa nadondosha matone mawili ya alizeti kwenye tundu la ufunguo. Ufunguo unateleza, mteja anatabasamu, anaenda kuwasimulia wenzake. Nikapata jina. Watu walitoka mpaka Ikungi na Issuna kuja kutiliwa mafuta na Fundi Athumani.

Baada ya miezi miwili, mitatu, wakaanza kurudi. Walirudi wamekunja uso. Yale mafuta yalikuwa yamekutana na vumbi letu na joto letu, yakaganda yakawa gundi ya kahawia, na vile vibati vidogo vilivyo ndani ya kitasa vikanasa palepale. Mzee Gidioni, Mnyiramba aliyenifundisha kazi, mtu mkali asiyecheka ovyo, alinusa ufunguo wa mteja mmoja akaniuliza: "Athumani, hapa unatengeneza magari au unakaanga maandazi?" Gereji nzima iliangua kicheko. Kwa mwaka mzima waliniita Maandazi.

Dawa yake Mzee Gidioni alinionyesha siku ileile. Kwanza unasafisha kitasa kwa petroli kidogo kwa bomba la sindano, betri ikiwa imefunguliwa, mbali na moto, mpaka petroli itoke safi. Unaacha kikauke vizuri. Halafu unachukua kalamu ya risasi ya mtoto wa shule, unaisugua kwenye meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, unaingiza na kutoa, unaingiza na kutoa. Ule unga mweusi unalainisha bila kushika vumbi. Wanangu walikuwa wananilalamikia kwamba kalamu zao zinaisha bila kuandikiwa.

Kosa lingine la kujilaumu. Aliletwa kwangu padri mmoja na gari lake dogo la otomatiki. Namaanisha gari ndilo lililoletwa, kwa kamba, na yeye alikaa ndani akishika usukani kwa heshima zote. Ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka, stata haisemi kitu. Nikafungua dashibodi, nikafungua kava la usukani, nikatoa swichi, nikapima waya mmoja baada ya mwingine, jua likatoka huku likaenda kule. Mzee Gidioni akapita, akachungulia, akanyoosha mkono akasukuma gia kutoka kwenye D kwenda kwenye P. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Padri aliniambia, "Mwanangu, na mimi nilisahau, tutubu wote wawili." Otomatiki haiwaki ikiwa kwenye gia ya kutembea, na ni makusudi kabisa ili lisikurukie.

Kwa hiyo kabla hujafungua kitu chochote, angalia yale ya bure. Gia iko wapi? Vichwa vya betri vimekaza au vina ule ukungu mweupe? Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana na stata ikalia tik tik, mtuhumiwa ni betri au vichwa vyake, swichi haina hatia. Taa zikibaki kali na stata ikinyamaza, sasa unaweza kuishuku swichi. Ukitikisa ufunguo na dashibodi ikazimika na kuwaka, hapo huna haja ya kushuku tena, swichi imechoka. Na kama ni haya magari mapya yenye ufunguo wa chipu, na kuna taa ya kifunguo inapepesa mbele yako, usihangaike na waya. Lipeleke kwa mwenye kompyuta. Mimi hiyo siijui na sioni aibu kusema siijui. Vilevile gari lenye ule mfuko wa hewa kwenye usukani, fungua betri na usubiri kwanza, na usiugonge usukani. Ule mfuko ukikufumukia usoni utakuvunja pua.

Na jambo la mwisho kabla sijafika ninakokwenda: mtu akikuletea gari ambalo hana ufunguo wake, muombe kadi ya gari. Akianza kukasirika, muombe mara ya pili.

Sasa Rama. Ramadhani alikuwa mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji, na hakuna aliyemwita Ramadhani, wote tulimwita Rama Kuku. Alikuwa na pikapu yenye siti za nyuma. Siku ya mnada anaenda vijijini na matenga matupu, anarudi na matenga yanayowika. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na alikuwa na shada la funguo ambalo sijaona jingine kama hilo: za nyumba, za stoo, za makufuli ya mabanda yote, na kifungulia soda juu yake. Vyote vinaning'inia kwenye ufunguo wa gari.

Jumamosi moja akaja amechoka. Ufunguo wake ulikuwa umelika, swichi haikubali kuzunguka mpaka aibembeleze nusu saa. Kitu sahihi kilikuwa kumtafutia kitasa kipya na ufunguo wake. Lakini alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nataka kuonyesha. Nikatoa kitasa, nikavichokoa vile vibati vinavyosoma meno ya ufunguo. Vilikuwa vingi, nikaacha viwili tu. Kulikuwa pia na kile kizuizi kinachokulazimisha usukume ufunguo kwa ndani kabla hujauzungusha mpaka mwisho. Kilikuwa kimelegea, nikakitoa nacho. Nikarudisha kitasa. Ufunguo ukazunguka wenyewe, hata kijiko kingeliwasha lile gari.

Rama alifurahi kupita kiasi. Aligundua kwamba sasa anaweza kuuchomoa ufunguo gari likiwa linanguruma, akafungua tenki la mafuta, akafungua makufuli ya matenga, akaurudisha. Akawaonyesha watu pale nje kama mazingaombwe. Nami nikasimama pembeni, mikono kiunoni, nikipokea sifa.

Jumatatu asubuhi binti yangu Zaituni alikuwa anarudi Sepuka, alikokuwa anafundisha shule ya msingi. Alikuwa amekuja kutusalimia na mtoto wake mchanga wa miezi minne. Rama alikuwa anaelekea mnada wa hukohuko, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea lifti. Niliwapungia mkono pale barabarani. Zaituni alikaa mbele, mtoto mapajani, na akina mama wawili wa sokoni nyuma.

Nikaenda gereji. Mzee Gidioni, ambaye wakati huo alishaacha kazi na alikuwa akija kunywa chai tu na kutukosoa, alinikuta nimevimwaga vile vibati kwenye kifuniko cha kopo. Nikamwonyesha kwa majigambo. Akavigeuza kwa kidole.

"Umetoa vyote hivi?"

"Nimeacha viwili, mzee. Inazunguka kama imelainishwa na siagi."

"Na funguo inachomoka gari likiwaka?"

"Inachomoka vizuri tu. Rama anafungulia tenki."

"Kile kizuizi cha kusukumia?"

"Kilikuwa kibovu. Nimekitoa."

Akaweka kikombe chini. "Loki ya usukani nayo umeitoa?"

Nikasema hapana. Hakuuliza tena. Akanisubiri niipige hesabu mwenyewe, nikaipiga. Lile shada la funguo la Rama ni zito. Barabara ya Sepuka wakati huo ilikuwa mashimo na mawe. Shada likiyumba linauvuta ufunguo urudi nyuma, injini inazimika. Hakuna kizuizi cha kuusimamisha, unarudi mpaka mwisho. Mtikisiko mmoja zaidi unachomoka. Na ukichomoka, kijino kinafanya kazi yake, kinaingia kwenye shafti, na dereva anabaki ameshika usukani usiogeuka wakati kona inamjia.

Nilipiga simu ya Rama, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Zaituni alikuwa ameizima yake kutunza chaji. Nilichukua bisibisi, patasi na nyundo, nikavitupa kwenye mfuko, nikapanda pikipiki yangu. Mzee Gidioni alisema kitu nyuma yangu, sikukisikia.

Vijana, nimeogopa mara nyingi katika kazi hii. Nimewahi kushika waya usiofaa, nimewahi kushukiwa na gari lililokuwa juu ya jeki. Hofu ya asubuhi ile haikufanana na hizo. Kila kona niliyoikaribia nilikuwa nayafumba macho kidogo kabla sijaikata, kisha nayafungua nikiomba nisione kitu. Nilimwambia Mungu wazi kabisa, kwa sauti, upepo unaniingia mdomoni: chukua vyombo vyangu vya kazi, vidole vyangu, chochote, lakini yule binti na kile kichanga uniachie. Niliahidi vitu vingi. Vingine bado natekeleza mpaka leo.

Kwenye kona moja yenye mawe makubwa pande zote mbili, nikaiona pikapu. Imesimama kando, pua yake imezama kwenye lundo la changarawe lililomwagwa kwa ajili ya kutengenezea barabara. Matenga mawili yameanguka chini. Siti ya mbele hakuna mtu. Niliiangusha pikipiki bila hata kuizima, nikaenda nusu nakimbia nusu natambaa.

Ndipo nikasikia sauti ya Zaituni nyuma ya gari. "Mjomba Rama, angalia chini ya siti ya nyuma, siyo ya mbele. Umeshaangalia mbele mara tatu." Alikuwa amesimama kivulini, anamnyonyesha mtoto chini ya khanga, ametulia kabisa. Rama alikuwa ametumbukia ndani ya gari, imebaki miguu tu nje, anatafuta ufunguo.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Sikulia kwa heshima, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Zaituni akashtuka. "Baba! Kuna nini nyumbani? Mama yuko wapi?" Nikamwambia nyumbani ni salama.

Kumbe ng'ombe ndio waliotuokoa. Kundi lilikuwa linavuka, Rama akapunguza mwendo mpaka gari likawa linatembea kama mtu anayekwenda kwa miguu. Akaingia shimoni, shada likaruka, injini ikazimika, ufunguo ukadondoka, na usukani ukajifunga. Pikapu ikaenda yenyewe taratibu mpaka kwenye changarawe ikasimama. Kabla ya ng'ombe hao, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anakimbia ili awahi mnada.

Rama alipotoka na kuniona aliinua mikono juu. "Fundi! Umejuaje? Mungu amekutuma! Jamani mmeona fundi huyu, anamfuata mteja mpaka porini!" Na wale akina mama wakaanza kunishukuru, mmoja akinishika mkono. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ningekuwa shujaa wa barabara ya Sepuka, na hakuna ambaye angejua.

Lakini nilimtazama yule mtoto ananyonya, nikasema. "Rama, sikutumwa na mtu. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilitoa vibati, nikatoa na kizuizi, nikaiacha loki. Hiki kilichotokea nimekitengeneza mimi Jumamosi, na wewe ukanisifu."

Rama alishusha mikono. Yule mama aliyekuwa amenishika mkono akauachia, akasema maneno ya Kinyaturu ambayo sitayaandika hapa, nilistahili yote. Rama akasema, "Basi toa hiyo loki yako. Nataka niione imetoka kwa macho yangu."

Ufunguo ulipatikana, umejificha kwenye reli ya siti. Nilifungua betri. Niliuvuta usukani, nikazungusha, kijino kikaachia. Ile loki imeshikwa na boliti mbili ambazo vichwa vyake hukatwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue. Unachofanya unaweka patasi pembeni ya boliti na kuigonga kidogokidogo kuelekea inakofungukia mpaka ilegee, halafu unamalizia kwa vidole. Nilifanya hivyo, Rama amechuchumaa ananiangalia kila pigo. Loki ikatoka yote. Nyuma yake kuna kile kipande cha umeme chenye waya, nikakifungua skrubu zake mbili, nikakirudisha peke yake, na kikawa kinazungushwa kwa bisibisi. Hayo ni matengenezo ya kukufikisha tu. Wiki ileile nilimfungia Rama seti nzima mpya, na shada la funguo nikamnyang'anya, ufunguo wa gari ukakaa peke yake kwenye kamba.

Kisha nikalijaribu lile gari mwenyewe. Nikalirudisha nyuma kutoka kwenye changarawe, nikaenda nalo mbele na kurudi mara tatu, nikiuchezesha usukani kulia na kushoto, nikilipitisha kwenye kila shimo nililoliona. Nikasimama. Nikashuka, nikafungua milango, nikasema, "Tayari. Pandeni."

Hakuna aliyesogea. Wale akina mama walitazamana. Rama alijifanya anapanga matenga. Hofu yao ilikuwa ya haki. Nikaanza kuwaza namna ya kuwasafirisha mmojammoja kwa pikipiki.

Zaituni alimfunga mtoto vizuri kwenye khanga. Akapita mbele yangu, akapanda, akakaa palepale alipokuwa amekaa, mbele, akavuta mlango ukafunga. Akatoa kichwa dirishani.

"Baba, tumechelewa. Watoto wa darasa la tatu wananisubiri."